Kichomea, mvuke, shimo au gari: kuchagua njia ya taka za hospitali Unguja na Pemba

Kituo cha afya kikipata fedha kidogo za mazingira, kitu cha kwanza kuandikwa kwenye bajeti ni kichomea taka. Tofali zinanunuliwa, bomba linasimamishwa, picha zinapigwa. Masika mawili yakipita, mlango umeliwa na kutu na taka zinachomwa chini, ubavuni mwa kichomea chenyewe. Mara nyingi fundi hana kosa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeuliza kwanza taka ni kilo ngapi, chini ya kiwanja kuna udongo au jiwe, moshi utaelekea wapi, na nani atasimama pale jua la saa saba mchana kuulisha moto.

Njia zinazowezekana visiwani ni nne: kuchoma kwa kichomea, kutakasa kwa mvuke, kufukia kwenye shimo lililojengwa, na kupeleka taka kituo kingine. Ipo na ya tano, kuchoma kwenye pipa, ambayo huzuka pale zote nne zinaposhindwa. Msimamo wetu tunautoa mapema: kituo kidogo cha Unguja au Pemba, kisicho na vitanda vya kulaza au chenye vichache, kwa kawaida hakihitaji kichomea chake. Kinahitaji mashimo yaliyojengwa vizuri na gari inayokuja kwa ratiba.

Pima kwanza

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, karibu asilimia 85 ya taka za huduma za afya ni taka za kawaida: karatasi, maboksi ya dawa, maganda ya machungwa, mabaki ya chakula cha wagonjwa. Asilimia 15 ndizo hatarishi. Katika nchi za kipato cha chini, wastani wa hizo hatarishi ni kilo 0.2 kwa kitanda kwa siku.

Piga hesabu ya hospitali yenye vitanda 40: kilo 8 kwa siku. Kichomea cha tofali cha saizi ndogo huunguza kama kilo 12 kwa saa, kwa hiyo kilo 8 ni kazi ya dakika 40 baada ya kupasha moto. Sasa changanya kila kitu kwenye ndoo moja. Kilo 8 zinageuka zaidi ya 50, na mchomaji atakaa kwenye moshi zaidi ya saa nne kila siku. Hatakaa. Atarundika mzigo wote kwa mkupuo, moto utapoa, na kitakachotoka ni moshi mweusi na sindano zilizoungua nusu. Kutenganisha taka kunapunguza ukubwa wa mashine unayohitaji kuliko mbinu nyingine yoyote.

Kwa hiyo kabla ya kuomba bei ya chochote, chukua mizani ya kuning'iniza na pima kila ndoo kwa wiki mbili. Hakikisha siku ya kliniki ya chanjo imo ndani ya wiki hizo, maana siku hiyo sindano huwa nyingi kupita siku nyingine zote. Andika uzito wa vitu vyenye ncha kali peke yake, taka za uambukizi peke yake, na kondo la nyuma peke yake. Namba hizi tatu zitakusaidia kuliko karatasi za muuza mashine.

Utenganishaji unafanyika pale pale taka inapozaliwa. Ndoo ya njano ni ya shashi, pamba, glavu na bendeji zenye damu. Nyekundu ni ya viungo, kondo la nyuma na vitu vyenye uambukizi mkubwa. Nyeusi au buluu ni ya taka za kawaida. Sindano huingia moja kwa moja kwenye sefti boksi, boksi gumu la kutupia sindano, bila kurudishiwa kifuniko. Boksi la lita 5 huchukua mabomba ya sindano takriban 100, na hufungwa likifika robo tatu. Likijazwa hadi mdomoni, mtu atalishindilia kwa kiganja, na hapo ndipo ajali nyingi hutokea. Taka zikishachanganyika zimekwisha kuwa hatarishi zote. Asitie mtu mkono kuzichambua tena.

Joto la visiwani halisubiri. Pasipo chumba cha baridi, taka za uambukizi zihesabiwe saa 24 tu tokea kutolewa wodini hadi kutibiwa. Saa 48 zinaruhusiwa kipindi cha baridi, lakini baridi yetu ya Julai si baridi ya kutegemea.

Kichomea

Viko viwili vya kuzingatia. Kimoja ni cha tofali chenye vyumba viwili, ambacho muundo wake unaojulikana zaidi ulisanifiwa Chuo Kikuu cha De Montfort, Leicester, Uingereza. Kinaanzishwa kwa kuni na kinajiendesha kwa taka zenyewe. Cha pili ni cha kiwandani, chenye bana ya dizeli (kifaa cha kupuliza moto), feni na kipimajoto. Cha tofali ni rahisi kujenga na hakihitaji umeme. Cha dizeli kinafikia joto linalotakiwa na kukaa nalo, ila siku dizeli ikikosekana kinabaki kuwa kabati la chuma.

Joto ndilo jambo lote. Chumba cha pili, kile moshi unakopita kabla ya kupanda bombani, kinatakiwa kuwa juu ya nyuzi 850 za Selsiasi, na moshi ukae humo angalau sekunde 2. Chini ya hapo, plastiki zenye klorini hutoa dioksini, sumu inayokaa kwenye mafuta ya mwili kwa miaka na inayohusishwa na saratani. Dioksini huundwa pia moshi unapopoa taratibu kati ya nyuzi 450 na 200. Mkataba wa Stockholm wa kudhibiti sumu zinazodumu katika mazingira, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unavitaja vichomea vya taka za hospitali miongoni mwa vyanzo vikubwa vya sumu hii. Kichomea cha tofali, hata kikiendeshwa na mtu hodari, hakifikii viwango vya mkataba huo. Ni njia ya mpito, na anayekijenga leo ajue hivyo.

Uendeshaji wake ni huu. Ondoa jivu la jana. Washa kwa kuni kavu na vifuu vya nazi, pasha kwa nusu saa hivi mpaka moshi wa bombani uwe mwepesi na joto lifike nyuzi 600. Ndipo ingiza taka kidogo kidogo, mfuko au boksi moja kwa wakati, ukingojea moto ushike kabla ya kuongeza. Moshi mweusi maana yake umezidisha. Moshi mweupe mzito maana yake taka ni mbichi au moto ni mdogo, ongeza kuni. Taka zikiisha, lisha kuni tena kwa dakika kumi ili mabaki yamalizike. Jivu huachwa lipoe hadi kesho yake, kisha hupelekwa kwenye shimo la jivu lililojengewa. Sindano zitakuwemo humo zikiwa nzima, kwani chuma chake hakiyeyuki kwa joto hilo. Hazina vijidudu tena, lakini bado zinachoma. Jivu halimwagwi shambani.

Visivyoingia: dripu na mirija ya PVC (plastiki yenye klorini), vichupa na ampuli zilizofungwa (hupasuka kama risasi, na vioo vilivyoyeyuka huziba wavu wa chini), makopo ya dawa za kupulizia, betri, vipimajoto vya zebaki, filamu za eksirei. Wala usiloweke taka kwenye dawa ya klorini halafu ukazichoma. Wengi hufanya hivyo kwa nia njema ya kuua vijidudu kwanza, kumbe wanaongeza klorini ile ile inayozaa dioksini. Kondo la nyuma nalo likae mbali: lina uzito wa karibu nusu kilo, sehemu kubwa yake maji, na likiingia linazima moto wa vyumba vyote viwili.

Sasa mambo ya hapa kwetu. Kwanza ni chumvi. Hewa ya pwani inakula mlango na bomba la chuma chepesi kwa kasi ya kushangaza, na bomba likitoboka kati, mvuto wa hewa unakufa na moshi unarudi usoni kwa mchomaji. Weka bomba la chuma kinene au la pua, na kwenye bajeti andika bomba la akiba tokea siku ya kwanza. Tofali za ndani ziwe za kuhimili moto, zikiungwa kwa udongo wa moto. Saruji ya kawaida hupasuka baada ya mizunguko michache ya joto na baridi, na kwenye ufa ndipo hewa baridi inapoingia. Paa ni lazima, kwa sababu tofali zilizonyeshewa na masika usiku kucha zitatumia kuni zako zote asubuhi kujikausha tu; bomba lipite juu ya paa, na urefu wake usipungue mita 4.

Jambo la pili ni upepo, na hapa visiwa vina bahati kidogo. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini mashariki, kusi kutoka kusini na kusini mashariki. Zote mbili zina mkono wa mashariki. Kichomea kikikaa upande wa magharibi wa majengo, moshi huondoka kituoni karibu mwaka mzima. Kikikaa mashariki, wodi itavuta moshi misimu yote miwili. Lakini ukishaondoka kituoni unakwenda kwa nani? Tazama magharibi kuna nini: nyumba, skuli, tangi la maji ya mvua. Pemba tazama pia pahala watu wanapoanika karafuu juu ya majamvi, na pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, wanapoanika mwani. Masizi yakitua kwenye zao la mtu, sheha atakuwa mlangoni kabla ya magharibi, na atakuwa na haki.

Mvuke

Otoklevu haichomi kitu. Inaua vijidudu kwa mvuke wa shinikizo, taka zinatoka zikiwa salama kugusika, kisha zinakatwakatwa na kutupwa kama taka za kawaida. Hakuna moshi, hakuna dioksini, na plastiki zinazotoka zinaweza hata kurejelezwa. Kwa hospitali iliyo katikati ya watu, kama zile za Mjini Unguja au Chake Chake, hii ndiyo njia tungeitafuta kwanza.

Kiwango cha kuanzia ni nyuzi 121 kwa shinikizo la ba (bar) 1 juu ya lile la kawaida la hewa. Mashine yenye pampu ya kutoa hewa kwanza ipewe dakika zisizopungua 30. Isiyo na pampu, ambamo mvuke mwepesi huisukuma hewa nzito itokee chini, ipewe saa nzima. Dakika zinaanza kuhesabiwa joto likishafika katikati ya mzigo. Kuhesabu tokea kubonyeza swichi ni kosa la kila siku, na matokeo yake ni mfuko uliopikwa nje na mbichi ndani.

Adui wa otoklevu ni hewa. Mfuko uliofungwa fundo unabakiza hewa ndani, na pahala penye hewa mvuke haufiki. Mifuko iachwe midomo wazi, ipangwe kwa nafasi, isishindiliwe. Sefti boksi za kadibodi hulowa na kulegea, kwa hiyo zipangwe juu ya sinia la chuma lenye kingo, si zishikwe mkononi zikitoka. Utepe unaobadilika rangi unathibitisha tu kwamba joto limefika pale utepe ulipobandikwa. Kuthibitisha kwamba vijidudu vimekufa kunahitaji kichupa cha mbegu za bakteria Geobacillus stearothermophilus, kinachowekwa katikati ya mzigo, kisha kuatamishwa kwenye nyuzi 55 hadi 60 kwa siku moja au mbili pamoja na kingine ambacho hakikupikwa. Fanya hivi angalau kila wiki, na kila mara mashine inapotoka kutengenezwa.

Isichanganywe kabisa na otoklevu ya kutakasia vyombo vya upasuaji. Ziwe mbili, vyumba mbali mbali.

Haziingii humo dawa, kemikali za maabara, zebaki, dawa za saratani, viungo vya mwili, wala taka zilizolowekwa klorini. Joto likizipata, gesi yake itamtokea usoni anayefungua mlango.

Halafu maji. Maji ya visima vingi vya Unguja yanapita kwenye mawe ya matumbawe na yanatoka na chokaa nyingi. Karibu na pwani yanakuwa na chumvi pia. Elementi ya kupashia joto inavaa ganda jeupe, inatumia umeme zaidi, mwishowe inaungua. Tumia maji ya mvua yaliyovunwa na kuchujwa, au weka mtambo mdogo wa kulainisha maji, na safisha tangi kwa asidi nyepesi kama ya siki kwa ratiba, usingoje likwame.

Umeme nao. Mashine kubwa hutaka umeme wa fezi tatu. Pemba inapata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tokea 2010, na Unguja kutoka bara kupitia Ras Fumba. Waliokuwepo wanakumbuka Unguja ilivyokaa gizani kama mwezi mmoja mwaka 2008, halafu tena miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Hali imekuwa nzuri tokea hapo, ila mashine yoyote ya umeme kisiwani inahitaji mpango wa pili. Ama jenereta inayoweza kuibeba, ama otoklevu ndogo inayopikwa kwa gesi kwa ajili ya maabara na chumba cha kuzalishia.

Na kuna hili ambalo wauzaji hulipitia haraka: taka zilizotoka kwenye otoklevu zina ujazo ule ule na sura ile ile. Bomba la sindano linaonekana kama jipya. Likifika jaani bila kukatwa, atatokea mtu wa kuliokota na kuliosha. Pasipo mashine ya kukatakata, otoklevu ni nusu ya suluhisho. Ukipata fedha za kimoja tu, hesabu upya kama si afadhali kupeleka taka kwa mwenye vyote viwili. Visu vya mashine hiyo huwa butu kwa sindano za chuma, kwa hiyo wengi hukata sindano kwanza kwa kikata sindano cha mkononi, ncha zikaenda shimoni, na plastiki peke yake ikaenda kwenye mvuke.

Shimo

Shimo linadharauliwa kwa sababu linaonekana la kizamani. Kwa vitu vyenye ncha kali na kondo la nyuma, shimo lililojengwa sawasawa linashinda kichomea kwa usalama na kwa bei, na halina kipuri cha kuagiza. Tatizo lake ni moja: maji ya kunywa ya visiwa hivi karibu yote yako chini ya miguu yetu.

Kanuni za jumla husema shimo liwe mita 50 kutoka kisimani, na sakafu yake iwe angalau mita 2 juu ya maji ya ardhini. Kwenye udongo mwekundu wa kinongo, magharibi na katikati ya Unguja, kanuni hiyo inatosha. Kwenye maweni na uwanda, kuanzia Makunduchi kupanda mashariki hadi ncha za kaskazini, haitoshi. Pale chini ni jiwe lenye nyufa na mapango, na maji yanakimbia humo kama kwenye mfereji. Mita 50 si kitu. Shimo la maweni lazima liwe tangi: sakafu ya zege, kuta za zege, lipu ya saruji ndani, lisivuje. Na ikiwa maji yako karibu mno hata tangi haliwezi kuzama mita mbili, jenga tangi la juu ya ardhi.

Kina cha maji kipimwe wakati unaofaa. Ukichimba kupima mwezi wa Januari wakati wa maji mafu, bahari isipojaa sana, utaambiwa pako salama. Rudi Aprili wakati wa bamvua, bahari imejaa na mvua imenyesha, ndipo utajua maji yanapanda mpaka wapi. Visima vya karibu na pwani ya matumbawe hupanda na kushuka pamoja na bahari.

Pemba kisa ni kingine. Udongo wa kinamo haupitishi maji haraka, jambo ambalo ni zuri, lakini masika hujaa juu na kuingia shimoni kwa mdomoni. Inua ukingo nusu mita juu ya ardhi, chimba mfereji wa kukinga maji upande wa mlimani, na kamwe usiweke shimo juu ya kilima ambacho chini yake kuna bonde la mpunga.

Shimo la ncha kali lenye kipenyo cha mita 1 na kina cha mita 3 lina ujazo wa lita zipatazo 2,350. Ukiacha nafasi ya juu na mapengo, litapokea sefti boksi za lita 5 kama 350. Kituo kinachojaza boksi moja kwa wiki kitakaa nalo karibu miaka saba. Mawili kwa wiki, zaidi kidogo ya mitatu. Ukitumia kikata sindano na kufukia ncha tu, shimo hilo hilo litakushinda umri wa ajira. Slabu ya juu iwe ya zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) lenye nondo, kifuniko kiwe na kufuli. Mchanga wa pwani usitumike: chumvi yake inaozesha nondo na slabu hupasuka. Likijaa, mimina zege na liandikiwe alama.

La kondo la nyuma ni tofauti kwa sababu linatakiwa kufanya kazi, yaani kuozesha. Kipenyo mita 1 hadi 2, kina mita 3, bomba la hewa lenye wavu wa nzi, kifuniko kinachobana. Usitie klorini humo. Inaua bakteria wanaoozesha, na baada ya miezi michache una shimo lililojaa na lenye harufu. Jenga mawili: la kwanza likijaa, hamia la pili na uliache la mwanzo kwa takriban miaka 2. Na familia ikitaka kwenda kuzika kondo lao nyumbani, jambo la kawaida kwetu, wapewe kwenye chombo kisichovuja, pamoja na maelezo ya kulizika mbali na kisima. Hakuna haja ya kugombana nao.

Gari

Kupeleka taka kituo chenye mashine ndiyo njia tunayoipendekeza kwa vituo vingi vya vijijini, kwa sababu mashine moja inayotumika kila siku na mtu aliyefundishwa hukaa vizuri kuliko sita zinazowashwa Ijumaa. Unguja ni kisiwa kidogo. Safari kutoka Nungwi au Makunduchi hadi mjini haimalizi asubuhi. Pemba, mwenye mashine akiwa Chake Chake anaweza kuhudumia kuanzia Micheweni hadi Mkoani.

Masharti yake si mengi lakini hayana mjadala. Gari liwe na sanduku lililofungwa, sakafu inayooshwa, lisibebe abiria, chakula wala dawa siku ile. Mifuko ifungwe, iandikwe jina la kituo, tarehe na uzito. Karatasi iende na mzigo, nakala ibaki, na nyingine irudi imesainiwa na mpokeaji. Dereva awe na glavu nzito, buti, dawa ya klorini asilimia 0.5 na mchanga wa kufunika ikimwagika. Klorini hiyo inapatikana kwa sehemu moja ya dawa ya madoa ya asilimia 3.5 na sehemu sita za maji. Bodaboda yenye kiroba haimo kwenye njia hii.

Visiwa vidogo, Tumbatu, Kojani, Makoongwe, vina shida ya peke yake. Mzigo utavuka kwa boti ile ile wanayopanda watu na samaki. Kusafirisha sindano kila wiki kwa namna hiyo ni kuomba balaa. Huko shimo la ncha kali na la kondo viwe vya lazima, na kinachovushwa kiwe taka laini tu, ndani ya pipa la plastiki lenye kifuniko cha kuskrubu, kwa boti ya kukodi isiyo na abiria. Kuvusha taka kati ya Unguja na Pemba kwa meli ya abiria tusikuzungumzie: kwenye kanuni za kimataifa za mizigo ya hatari baharini taka hizi zina namba yake, UN 3291, na ufungaji wake maalumu.

Pipa

Pipa la mafuta lililotobolewa, au shimo la wazi na mafuta ya taa, halifikii nyuzi 400. Linaunguza karatasi na kuacha sindano, linatoa sumu kwa kimo cha pua, na asubuhi kuku na watoto wanafukua. Likubalike kwa dharura tu, kama mlipuko wa kipindupindu kwenye kambi, na shimo lifukiwe siku ile ile.

Vitu visivyo na njia kati ya hizi

Dawa zilizokwisha muda haziendi kwenye ndoo yoyote. Ziorodheshwe, zitengwe chini ya kufuli, na ZFDA, wakala wa chakula na dawa Zanzibar, ijulishwe, maana uteketezaji wake unasimamiwa. Kiasi kidogo cha vidonge kinaweza kufungiwa ndani ya pipa: jaza robo tatu, mimina uji wa chokaa, saruji na maji kwa uwiano wa 15:15:5, ziba. Zebaki iliyomwagika ikusanywe kwa karatasi ngumu na sirinji, iwekwe kwenye chupa yenye maji, isifagiliwe na isichomwe. Dawa za saratani zirudi zilikotoka. Kichomea cha tofali hakiziwezi.

Vibali

Mazingira na afya si mambo ya Muungano, kwa hiyo nyaraka za zabuni zinazotaja NEMC (baraza la mazingira la bara) na sheria ya bara ya 2004 hazikufikishi popote hapa. Sheria yako ni ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar, namba 3 ya 2015, na mlango wa kugonga ni ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar. Wapelekee mchoro wa kiwanja, upande wa upepo, kina cha maji na zile kilo ulizopima, kabla ya kununua tofali ya kwanza. Mwenye mpango wa kupeleka taka zake bara ajue anaingia mamlaka mbili, ya huku na ya kule.

Tungechagua hivi

Zahanati binafsi au kituo cha afya kisicholaza, kwenye kinongo: shimo la ncha kali na gari. Kituo kinachozalisha: ongeza mashimo mawili ya kondo. Kwenye maweni, vivyo hivyo, ila mashimo yote yawe matangi. Hospitali ya wilaya iliyo nje ya mji, yenye kiwanja kikubwa na hakuna nyumba magharibi: kichomea chenye bana ya dizeli, mchomaji wa kudumu na naibu wake. Hospitali ya mjini: mvuke na mashine ya kukata, na kichomea kisahauliwe. Kichomea cha tofali tungekijenga mahali pamoja tu, penye taka nyingi kuliko shimo linavyoweza, mbali na barabara, pasipo umeme wa kutegemea. Na mahali kama hapo hakuna pengi.

Njia yoyote utakayoshika, mwenye kubeba taka achanjwe homa ya ini B, dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Sindano yenye damu ya mgonjwa huambukiza homa hiyo kwa hadi asilimia 30 ya wanaochomwa bila chanjo, homa ya ini C karibu asilimia 1.8, VVU karibu 0.3. Akichomwa, aoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni, asibinye jeraha wala kulitia klorini, aende akaanzishiwe dawa za kinga dhidi ya VVU ndani ya saa mbili ikiwezekana na kamwe si baada ya saa 72, azimeze siku 28. Namba ya simu ya anayetoa dawa hizo usiku ibandikwe ukutani pale taka zinapohifadhiwa, kwa maandishi makubwa, maana daftari la wauguzi huwa limefungiwa saa hiyo.